Nilikwenda Makote Kuulizia Ukoo wa Kobe

Mmeniuliza nyie mpaka mmechoka, na mimi nimekuwa nikiwajibu "safari ilikuwa nzuri" huku nikiangalia pembeni. Haikuwa nzuri. Nimerudi na aibu ambayo hata nikioga haitoki, na kwa kuwa mmekataa kuniacha, nawaandikia wote kwa pamoja ili nisirudie kusimulia. Majina ya watu nimeyabadili. Mambo ya vibali, tiketi na barua za chuo nayaruka, hayana ladha. Ila kuna ujumbe mmoja wa simu siwezi kuuruka, maana ndio ulioniponza.

Mnalikumbuka lile jiwe jekundu la mezani kwangu maabara, ambalo mmoja wenu aliwahi kuliwekea kikombe cha chai. Lile si jiwe tu. Ni nusu ya mbele ya fuvu la kobe wa maji aliyekufa zamani mno, kabla ya watu: pua, matundu ya macho na kipande cha kaakaa. Aliyeniletea ni Mwalimu Selemani, rafiki yangu anayefundisha Newala. Lilitoka Makote, kwa mkulima wa korosho anayeitwa Baba Somoe, aliyelichimbua alipokuwa akichimba kisima cha kuvunia maji ya mvua. Nusu ya nyuma ilibaki kwake. Mwalimu alinitumia picha yake, na tangu siku ile tasnifu yangu yote ikasimama inasubiri hiyo nusu, kwa sababu ukoo wa kobe unajulikana kwa nyuma ya kichwa, si kwa pua.

Mwalimu alinipa namba ya Baba Somoe, akanionya. "Ukimwandikia, neno fuvu usilitaje kabisa. Mtu wa Dar anatuma ujumbe kijijini anaulizia mafuvu, watakufikiria nini? Andika kwa adabu tu, mimi nitamweleza."

Nikaandika kwa adabu. Ujumbe wenyewe huu hapa, bado ninao: "Shikamoo Baba Somoe. Mimi ni Rashidi wa Dar, Mwalimu Selemani atakuwa amekueleza habari zangu. Picha nimeiona na nimempenda sana. Ningependa kuja nimwone mwenyewe kwa macho yangu. Kubwa kwangu ni kujua ukoo wake. Nikiridhika, na kwa ruhusa yako, nitamchukua nije naye Dar."

Msicheke kwanza. Kobe ni mnyama, na mnyama kwa Kiswahili ni yeye. Mimi kichwani mwangu hakukuwa na yeye mwingine.

Jibu lilikuja jioni ile ile: "Marahaba mwanangu. Karibu sana. Ukoo wetu hauna shaka. Mjomba wake atakuwepo."

Nilidhani mzee ni mcheshi, anamwita kobe ndugu yake. Nikamjibu kwamba mjomba kuwepo ni vizuri, nitamweleza na yeye.

Dar hadi Ndanda

Basi lilikwenda vizuri mpaka Somanga, tukala samaki wa kukaanga, tukavuka Nangurukuru, halafu likatoa mlio wa bati na kusimama. Dereva akasema ni jambo dogo. Kondakta akaanza kushusha tandiko na kulilaza chini ya gari, nikajua si dogo.

Tulikaa majanini hadi jua likapinda. Pembeni yangu alikaa mama mmoja muuguzi, Mama Neema, anayerudi kazini Ndanda, mtu mzima kidogo, nikampa shikamoo yake na yeye akanipa nusu ya chapati yake. Akaniuliza naenda wapi. Mnanijua, mtu akiniuliza swali hilo namharibia siku.

Nikamchorea kwenye vumbi kwa kijiti. Nikamwambia kobe wote duniani wako wa aina mbili. Wapo wanaoingiza kichwa ndani moja kwa moja, kinarudi nyuma katikati ya mabega. Na wapo wanaokunja shingo kwa ubavu, wakalaza kichwa chini ya ukingo wa gamba. Hao tunawaita kobe wa shingo upande.

"Kwa hiyo anaingia nyumbani kwake shingo upande," alisema Mama Neema. "Kama mume wangu siku za mwisho wa mwezi."

Akauliza swali la maana: kama nina kichwa tu, shingo sina, nitajuaje alikuwa anaikunja vipi? Nilifurahi mpaka nikasogea karibu. Nikamweleza kwamba msuli wa kufungia taya la kobe ni mrefu, hautoshi kukaa kichwani, basi unapindia juu ya mfupa kama kamba ya kisima inavyopita kwenye kapi. Wale wa kurudisha kichwa moja kwa moja kapi lao limejengwa kwenye mfupa wa sikio. Wa shingo upande, kapi liko kwenye mfupa wa kaakaa, limetokeza kwa pembeni kama sikio la kikombe. Ukiliona hilo, shingo huihitaji tena.

"Na ukishajua?"

"Nikishajua hilo naingia ndani zaidi. Hao wa shingo upande nao wana koo zao. Upo ukoo uliokwisha kabisa duniani. Upo mwingine ambao ndugu zake bado wanaishi Madagaska na kwenye mito ya Amerika ya Kusini. Nikimgeuza nikamwangalia chini ya fuvu, mfupa unaobeba taya ukiwa umegusana na mfupa wa kitako cha ubongo, huyo ni wa ukoo uliokwisha. Kama badala yake kuna shimo kubwa la kupitishia mshipa wa damu, ni wa akina Madagaska. Picha haionyeshi. Lazima nimshike."

Alinitazama kidogo. "Una mke, baba?"

Nikasema sina.

"Sishangai. Wewe ukimzungumzia huyo kobe, mtu asiyesikia mwanzo wa maneno atadhani unaeleza mchumba."

Nilicheka sana. Basi likatengemaa, akashuka Ndanda, na maneno yake nikayasahau hapo hapo.

Masasi

Niliamka Masasi nimechelewa. Milima ya mawe imesimama juu ya mji, na mimi, mtu wa mawe, nikasimama naikodolea macho kama mshamba mpaka basi dogo la kwanza la Newala likaondoka bila mimi. La pili lilikuwa linasubiri kujaa. Nikanunua ming'oko ya kuchemsha kwa mama mmoja hapo stendi. Hiyo ni mizizi ya porini, miembamba, na kwa kuwa hakuna aliyenielekeza nikaitafuna na ganda lake.

"Mgeni, hiyo inamenywa," alisema yule mama taratibu, kama anayeogopa kuniudhi.

"Naipenda hivi hivi," nikasema, mdomo umejaa maganda. Kiburi tu. Nikaendelea kutafuna mbele yake mpaka fungu likaisha, na wenzake wawili wakawa wamegeukia ukutani wanacheka mabega yakitikisika. Nawaambia hili mjue kwamba tabia yangu ya kutokubali kosa ilianza kunifanyia kazi mapema.

Mwalimu Selemani akapiga simu nikiwa bado nasubiri. Alikuwa ametoka kuongea na Baba Somoe.

"Ulimweleza vizuri?" nikamuuliza.

"Hakuna haja, ameshaelewa yote kwa ujumbe wako. Ameniuliza tu wewe ni mtu wa namna gani. Nimemwambia huna masihara, ukitaka kitu unakitaka kweli. Akaniuliza kama unakunywa. Nimesema hunywi."

"Kunywa kunahusu nini?"

"Wazee wale, Rashidi. Hawampi mtu kitu chao ovyo."

Nikaona ni sawa. Nikawasifu hata moyoni.

Kupanda Newala

Barabara inapanda, na ukifika juu unakuta ukungu na baridi ambayo mtu wa Dar hakuitarajia. Nilishuka natetemeka ndani ya fulana na suruali yangu ya kazi yenye mifuko mingi, nyundo ndogo ikining'inia kiunoni. Mwalimu alikuwa ananisubiri amevaa kanzu nyeupe imepigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono.

"Leo Ijumaa?" nikamuuliza.

"Baba Somoe kaniambia nije rasmi, mjomba mtu amekuja toka Tandahimba." Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe huna kanzu?"

"Ya kufanyia nini?"

"Basi hata hiyo nyundo iweke begini."

Nikaiweka begini. Yeye alidhani mambo ya mali iliyotoka ardhini huko kwao yanataka heshima ya mjomba, na kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Mimi nilidhani anavyodhani yeye. Kumbe sote wawili hatukujua kwamba yeye alikuwa mshenga.

Tukachukua bodaboda mbili kwenda Makote. Ulikuwa msimu, njia nzima mikorosho imezaa, na harufu ya mabibo yaliyoanguka imejaa hewani. Nilikuwa na furaha ambayo leo nikiikumbuka naona haya.

Makote

Uwanja umefagiliwa. Mikeka imetandikwa. Nikaona viti vya plastiki vya kuazima, vyekundu na vya bluu, na sufuria kubwa tatu mekoni. Baba Somoe, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mjomba alikuwa mfupi, mnene, amevaa koti la suti. Nikawapa shikamoo, wakaitikia, wakasemezana Kimakonde nisiambulie kitu. Nyuma ya pazia la mlango nilisikia wanawake.

Tukala kwanza. Wali wa nazi, kuku mzima mbele yangu, samaki, kisamvu kimetiwa korosho za kusaga. Kwa nyumba ya mkulima huo si mlo wa kupokelea mtafiti. Nilikula firigisi niliyowekewa, nikarudia wali, nikajiambia watu hawa wanaipenda sayansi.

Mjomba akanawa, akajifuta, akaanza.

"Mwalimu alituonyesha njia, na ujumbe wako tumeusoma. Unasema umempenda kwa picha tu?"

"Kweli kabisa, Mjomba. Tangu niione sijatulia."

"Umempendea nini hasa?"

"Kichwa," nikasema. "Kichwa chake kimekaa vizuri sana."

Nyuma ya pazia wakacheka. Baba Somoe akakohoa.

"Tunakuambia kweli kwamba umri wake umesogea kidogo," alisema kwa upole. "Hatutaki kukuficha."

"Baba, umri ndio thamani yake. Angekuwa wa juzi nisingefunga safari."

Hapo kikapigwa kigelegele kimoja, kifupi, kikazimwa haraka. Nikatabasamu kuelekea kwenye pazia. Nawaapia nilitabasamu.

"Na akifika Dar atakaa wapi?" akauliza Mjomba.

"Tuna chumba maalumu, kina kiyoyozi. Hatoki nje ovyo. Hashikwi na kila mtu."

"Hilo zuri." Akatikisa kichwa mara kadhaa. "Sasa hili la ukoo. Sisi tunajulikana mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Unatutilia shaka gani?"

"Si shaka, Mjomba. Kuna koo mbili zinazofanana ukimtazama kwa juu. Mimi siwezi kusema neno la mwisho mpaka nimgeuze, nimwangalie kwa chini."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Mwalimu Selemani, ambaye alikuwa ameanza kutokwa jasho katika ile baridi, alinikanyaga mguu. Nikadhani ananipa nafasi ya kueleza zaidi.

"Bila kuangalia chini," nikaendelea, "huwezi kuamini maneno ya mtu."

"Huko kwenu ndivyo mnavyofanya?" Sauti ya Mjomba ilikuwa imebadilika.

"Ndivyo, Mjomba. Wazungu pia."

Baba Somoe ndiye aliyeniokoa, Mungu amlipe. "Anasema habari ya kupima afya," alimwambia shemeji yake. "Vijana siku hizi hawaoani bila kupimwa. Ni jambo jema."

Neno *hawaoani* nililisikia. Nililisikia vizuri, likaingia, likakaa, na bado sikulielewa. Mdomo ulikuwa umeshatangulia: "Sasa naomba nimwone."

Pazia likafunguliwa. Shangazi mtu akatoka amemshika mkono mwanamke wa umri wangu, amevaa kitenge kipya cha kushona vizuri, mikono ina hina mbichi ya siku ile. Alikaa kwenye mkeka, akanisalimia kwa sauti ndogo. Picha. Umri. Kichwa kimekaa vizuri. Nimwangalie kwa chini. Yote yalinirudia kwa mpigo. Nilitamani ardhi ya Makote, ambayo kutwa naifikiria kwa vilivyomo ndani yake, inimeze na mimi. Mwalimu alikuwa amefumba macho.

Wazee wakaona nimeduwaa, wakafurahi. Walidhani ni uzuri umenipiga. Mjomba akasema tuachwe tuzungumze kidogo, pale uani, kisimani, mbele ya macho ya watu lakini mbali na masikio yao.

Kisimani

Kisima chenyewe kimejengewa mdomo wa saruji na kufunikwa bati. Juu ya bati, kulizuia lisipeperuke, lilikuwa jiwe jekundu la ukubwa wa bakuli.

Nitawaambia ukweli wote. Mwanamke wa watu ameketi mbele yangu amepakwa hina kwa ajili yangu, roho yangu imejaa fedheha, na macho yangu yalikwenda kwenye jiwe. Yalikwenda yenyewe. Nililiona kapi, limetokeza kwa pembeni, kwenye kaakaa. Shingo upande. Na chini kote kumefunikwa gamba la mchanga mgumu, hakuonekani kitu; ingehitaji miezi ya sindano mezani kulisafisha ndipo nijue ukoo.

"Kaka Rashidi," alisema Somoe, "tangu tukae hujaniangalia. Unaangalia jiwe."

Nikamwambia. Sikuwa na namna nyingine. Nilimweleza kobe, picha, onyo la Mwalimu kuhusu neno fuvu, na yule *yeye* wa kwenye ujumbe. Nilisema samahani mara nyingi mpaka neno likaisha maana.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza alicheka, akaziba mdomo kwa ile mikono ya hina. Halafu akaacha kucheka, na uso wake siwezi kuueleza.

"Kwa hiyo nimepakwa hina kwa ajili ya kobe," alisema.

Nikaanza samahani nyingine, akanizuia kwa mkono.

"Unajua kabla ya ujumbe wako kulikuwa na mtu? Mnunuzi wa korosho, rafiki yake Mjomba, huko huko Tandahimba. Ana wake wawili. Nilimkubali shingo upande, kwa sababu mimi ni fundi cherehani, nimefika umri huu, nyumba nzima inaniangalia kila nikikaa kula. Ujumbe wako ulipokuja baba akamwambia Mjomba, ngoja, kuna wa Dar, amempenda mwenyewe kwa picha aliyotupiga Mwalimu. Wakamrudisha yule. Nililala usingizi siku hiyo." Akaangalia hina yake. "Ukisimama pale ukasema umefuata kobe, kesho Mjomba anamwita yule mtu, na mimi sina tena mdomo wa kukataa. Nani atamsikiliza mwanamke aliyeposwa kwa makosa? Watoto watanitungia nyimbo."

"Nifanye nini?" nikamuuliza.

"Usiseme kitu. Nitakukataa mimi."

"Unikatae?"

"Nikukatae. Tukirudi pale nitasema simtaki. Mwanamke aliyemkataa msomi wa Dar mbele ya mjomba wake, nani atathubutu kumlazimisha kwa mnunuzi wa korosho? Watasema ninaringa. Kuringa kuna heshima yake. Wewe utanyamaza, utaaga, utaondoka."

Nilielewa. Lilikuwa jambo jepesi kabisa, na lilikuwa haki yake. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe, ile nyingine yote ni ya kuchekesha watu. Mdomo wangu ulifunguka nikasikia unasema: "Na jiwe je?"

Aligeuka akalitazama lile jiwe juu ya bati.

"Yaani," nikaendelea, mjinga mimi, "ukishanikataa, siwezi kuwaomba angalau—"

"Mchumba aliyekataliwa hatoki na kitu cha nyumba ile," alisema. "Hata maji hapewi ya njiani, isije ikasemwa ameondoka na ahadi. Ukiliomba jiwe watajua ulifuata jiwe." Sauti yake haikupanda. "Chagua basi. Sitakulaumu. Ni kazi yako."

Nilichagua, lakini si upesi. Nilisimama pale nikipima. Kule uwanjani wazee wanatuangalia kwa matumaini, hapa mwanamke anasubiri mtu asiyemjua aamue maisha yake, na mimi napima uzito wake na uzito wa nusu ya kichwa cha kobe. Aliniona nikipima. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

"Nikatae," nikasema.

"Asante," alisema, na hakuniangalia tena.

Tukarudi. Akapiga magoti mbele ya baba yake na mjomba wake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mekoni: "Wazazi wangu mnisamehe. Huyu simtaki." Mjomba akauliza kwa nini. Akasema, "Moyo haukukubali. Ana elimu nyingi, lakini macho yake hayatulii." Shangazi akashika kichwa. Baba Somoe akanigeukia, na uso wake ulikuwa umejaa huruma kwangu, kwangu mimi, jamani. Nikainamisha kichwa. Sikuwa naigiza.

Kurudi kwa njia ya Tandahimba

Mjomba alinisindikiza mwenyewe hadi barabarani, kwa kuwa tulikuwa na njia moja. Akasema tupande gari la Tandahimba pamoja, mimi niendelee Mtwara. Mwalimu aliaga haraka, amekunja kanzu mkononi, na mpaka leo tukipigiana simu huanza kwa kuuliza hali ya hewa.

Njia nzima Mjomba alinifariji. Alininunulia soda. Aliniambia yeye mwenyewe alikataliwa mara mbili katika ujana wake, na wote waliomkataa baadaye walijuta. "Wanawake wapo, kijana. Usiache kula." Nilishukuru kila mara. Kila nilivyoshukuru nilizidi kuumia, kwa sababu alikuwa mtu mwema, na hasira niliyokuwa nimejiandalia juu yake kwa ajili ya yule mnunuzi wa korosho haikupata pa kushika. Nilijikaza nikamuuliza kama sasa watamrudia yule mwingine.

"Nani, yule wa Tandahimba?" Akacheka bila furaha. "Akikukataa wewe, nitamwambia nini amkubali huyo? Nitapata aibu mara mbili. Tumwache ashone nguo zake."

Hilo ndilo jambo jema pekee lililotokea safari nzima, na si mimi niliyelifanya.

Tulipoachana Tandahimba alinishika bega, akaniombea dua pale stendi, watu wanasikia, nipate mke mwema.

Msimamizi wangu ameuliza iko wapi nusu ya nyuma. Nimemwambia familia haikukubali. Nimeandika kwenye tasnifu kwamba huyu ni kobe wa shingo upande, ukoo wake haujulikani, na hapo nimeacha. Najua mtaniambia sheria ipo, kitu cha ardhini ni cha taifa, nirudi na karatasi yenye muhuri. Nikirudi na karatasi, Makote nzima itasema: kumbe alifuata jiwe. Basi acheni.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini juzi Baba Somoe aliniandikia. Aliandika: "Mwanangu Rashidi, tumezungumza naye tena, bado hataki. Sisi wazazi tunaona aibu ulivyotoka mikono mitupu kwetu. Kwa sasa yamepoa, hakuna wa kusema neno. Tuambie kitu chochote cha hapa kwetu unachokipenda, tukutumie upoe moyo. Chochote kile."

Niliandika. Nikafuta. Niliandika tena, nikaelezea mpaka na bati la kisima, nikafuta. Mwisho nikamtumia: "Nimeshapoa, Baba. Sihitaji kitu."

Akajibu upesi: "Una moyo mzuri mwanangu. Somoe hajui alichokikataa."